Disketi Niliyomnyima Devota

Ninyi mnaofanya kazi hii siku hizi mna raha, na ninasema hivyo kwa wivu. Mnachomeka waya, kompyuta inaitambua printa, mnaendelea kunywa chai. Mjukuu wangu hata waya hana. Anabonyeza simu yake akiwa sebuleni na karatasi inatoka chumba cha pili. Mara ya kwanza nilipoona hivyo nilitoka nje nikakaa kwenye benchi peke yangu, maana nilikumbuka siku nilizomaliza nikiwa nimepiga magoti chini ya meza za watu, kuanzia Misungwi hadi Nansio, nikiibembeleza printa itoe herufi moja tu.

Wazee wenzangu wakiwasimulia vijana habari za kazi husema walikuwa wachapakazi, wavumilivu, wapenda watu. Sawa, na wao wana midomo yao. Mimi, Malimi, nilikuwa fundi mzuri na nilikuwa mtu wa wivu, na vyote viwili nilivibeba kwenye sanduku moja la bati. Hilo sanduku ndilo ninalotaka kuwaeleza.

Nilianza kazi kwa kutengeneza taipureta, kwenye karakana ya Bwana Amirali, mtaa wa nyuma ya soko hapa Mwanza. Aliyenifundisha alikuwa mzee Selemani, fundi ambaye aliweza kuisikiliza mashine ikipiga chapa chumba cha jirani akakuambia ni herufi gani inalegea. Alinipa mambo mawili. La kwanza lilikuwa sumaku. Skrubu za taipureta ni ndogo kama chawa, na ikidondoka moja ndani ya mashine unaweza kuitafuta mpaka adhana ya alasiri. Kwa hiyo mzee alivunja spika ya redio mbovu, akatoa sumaku yake, duara zito jeusi, akaiweka kwenye sanduku langu. Bisibisi zikilala na sumaku zinakuwa na sumaku zenyewe, na skrubu inakuja kwenye ncha bila kuitwa.

La pili lilikuwa mgongo. "Mteja mgeuzie mgongo," aliniambia. "Akiona unavyofanya leo, kesho anajifanyia mwenyewe. Halafu wewe utakula nini?" Na kweli, mkiwaona mafundi wa zamani wanafanya kazi, mtadhani wote wamenuniana na wateja wao.

Basi biashara zikafunguliwa. Pale ziwani vikaota viwanda vya minofu ya sangara, mjini kila kukicha duka jipya, na kompyuta zikaingia, mpya na za mitumba. Taipureta zilianza kupandishwa juu ya makabati, zikafunikwa na vitambaa, na mimi niliyekuwa nikiitwa kila ofisi nikawa nakaa karakanani nakunywa maji. Nilikuwa nimekaribia miaka arobaini. Bwana Amirali akanipa kompyuta moja mbovu akasema, "Malimi, jifunze hii au tufunge wote."

Nilijifunza kwa makosa. Kosa langu kubwa lilitokea kiwandani, upande wa ziwa, ambako radi ilipiga ikapita kwenye nyaya na kuunguza poti ya printa. Mnajua radi za huku kwetu, hazina adabu. Poti ni pale nyuma ya kompyuta ambapo waya wa printa unachomekwa, na ikiungua, kompyuta na printa hazisemezani tena. Mimi kwa kuwa printa ndiyo iliyokuwa kimya, nikaifungua printa. Niliifungua yote, vipande vimejaa kwenye gazeti, siku mbili. Haikuwa na kosa lolote. Siku hizi ningefanya jambo moja: shika kitufe cha kusogeza karatasi huku unaiwasha. Printa ya pini, ile inayogonga utepe wa wino kwa visindano, ikichapa herufi zake yenyewe, basi ni nzima, iache, nenda kwenye kompyuta. Dakika moja tu. Hiyo niliijua baadaye, na nilijivuna nayo sana.

Dawa ya poti iliyoungua ilikuwa kadi. Ni kipande chenye poti mpya, unakipachika ndani ya kompyuta. Nikapachika. Kimya. Siku nzima kimya. Nikapiga simu Dar kwa waliotuuzia, jamaa akaniuliza, "Mzee, ile disketi yenye draiva umeiweka?" Draiva ndiyo inayoifundisha kompyuta kuongea na kifaa kigeni. Disketi ilikuwamo kwenye boksi siku zote, chini ya karatasi ya maelekezo niliyokuwa naifutia mikono. Nikaiweka, mambo yakatengemaa, meneja akanishika mkono mbele ya watu.

Tangu siku hiyo kila boksi la kadi lililoingia karakanani nilikuwa nalifungua kwanza mimi, natoa disketi. Zile za ziada nilizifungia mbali. Moja niliifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kwenye sanduku la bati, nikafunga kufuli. Karakana nzima ikajua kwamba printa za kadi ni za Malimi.

Kisha akaja Devota.

Alitokea upande wa Bukoba, binti mwembamba wa miaka ishirini na mitatu hivi, amemaliza chuo cha uhazili. Aliajiriwa kuchapa barua za Bwana Amirali. Mwezi wa kwanza alichapa barua. Mwezi wa pili nilimkuta anasoma kile kitabu kinene cha maelekezo ya kompyuta ambacho sisi tulikiweka chini ya mguu wa meza isiyumbe. Alikuwa amekichomoa, akaweka kipande cha tofali mahali pake. Mwezi wa nne akawa anakaa na wateja.

Na namna alivyokaa nao ndiyo iliyonitia wazimu. Alikuwa anamweka mteja kwenye kiti, yeye anasimama nyuma. "Bonyeza hapo, mama. Hapo hapo. Umeona? Sasa rudia mwenyewe." Siri za kazi anazigawa kama pipi! Nilimwita pembeni.

"Wewe Devota, ukiwafundisha hivyo si wataacha kuja?"

"Kaka Malimi, mbona ndio wanazidi kuja?"

Walikuwa wanazidi kuja, ndiyo. Wakifika mlangoni wananitazama mimi, fundi mwenye miaka kumi na nane kazini, halafu wanauliza, "Yule dada yupo?" Siku moja mzee mmoja wa Misungwi aliuliza hivyo, nikamjibu, "Hayupo." Na Devota alikuwa nyuma ya ukuta anakohoa. Mzee akasema, "Huyo anayekohoa ni nani?" Nikasema ni mgonjwa. Nilijisikia vibaya kwa muda wa kama kikombe kimoja cha chai, halafu nikapona.

Wivu si kitu cha kukuambia kwamba umefika. Unakuja umevaa nguo nyingine. Mimi nilikuwa najiambia kwamba naitetea kazi, nautetea utaratibu wa mzee Selemani, nawatetea mafundi wote wa mashine za ofisi kanda ya ziwa. Kumbe nilikuwa namchukia binti kwa sababu alicheka na wateja na kompyuta ikamtii.

Ikafika siku Bwana Amirali akatuita wote wawili ofisini kwake. Alikuwa na nafasi moja ya mafunzo ya kompyuta Dar es Salaam, miezi sita, na atakayerudi ndiye atakuwa fundi mkuu. Nilijiweka sawa kwenye kiti.

"Kuna shule kule kisiwani, Nansio," akasema. "Radi imepiga. Printa haichapi, na wana mtihani wa majaribio wa kidato cha nne Jumatatu. Malimi, wewe kiwandani hawakuachii wiki hii. Devota atakwenda. Akifanikiwa, nafasi ya Dar ni yake. Akishindwa, unakwenda wewe. Mimi sipendi maneno mengi."

Devota alifungasha mchana huo huo. Akachukua kadi stoo, akafungua boksi, akapekua ndani. Mimi nilikuwa napiga mswaki rola ya taipureta iliyokuwa safi tayari.

"Kaka Malimi, kadi hii haina disketi yake?"

Hapo ndipo ilipokuwa kazi yangu yote, vijana wangu. Sanduku lilikuwa futi mbili kutoka mguuni kwake. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

"Hizo hazina disketi," nikasema. "Zinajitambua zenyewe."

Akaniangalia. Akaliangalia sanduku. "Haya kaka, asante," akasema, akaenda kupanda meli.

Kesho yake, Alhamisi, nilikula sato mzima na ugali, na kila mfupa niliounyonya niliunyonya kwa ajili ya Dar. Ijumaa nilianza kuulizia bei ya begi. Jumamosi nikaenda bandarini kuipokea meli ya Nansio, eti napita tu. Nilitaka nimwone anavyoshuka. Nilitaka nione ule uso, mnanielewa? Mtu akishindwa uso wake hushuka kabla ya miguu.

Devota alishuka na gunia la machungwa kichwani kwa mchukuzi, anacheka. Aliponiona akapiga goti kidogo, kama walivyofundishwa kwao.

"Shikamoo kaka. Umekuja kunipokea! Machungwa haya Mwalimu Magesa wa pale shule amenipa, nusu yako."

"Marahaba," nikasema. "Printa je?"

"Inachapa."

Fomu ya kazi ilikuwa na mhuri wa shule, na nyuma yake amebana karatasi ya majaribio, herufi zimenyooka. Mkuu wa shule alikuwa ameongeza kwa kalamu maneno ya kumsifu, mistari mitatu. Sikumuuliza alifanyaje. Ningeulizaje, wakati nilishasema zinajitambua zenyewe? Nilijiambia ni bahati. Machungwa nilikula, na yalikuwa matamu, na utamu wake uliniudhi. Wiki iliyofuata alipanda treni ya Dar, na karakana nzima ikaenda stesheni kumsindikiza. Mimi nilisema nina homa. Kwenye karakana walikuwa wamebandika picha ya gari yenye maneno yale ya kwenye malori, mwenye wivu ajinyonge. Ilikuwepo miaka yote. Wiki hiyo niliibandua.

Miezi mitatu baadaye ikaja barua kutoka Nansio. Mfumo wa kompyuta ya shule uliharibika, mwalimu mmoja akauweka upya, na tangu hapo printa imenyamaza. Devota bado yuko Dar. Bwana Amirali akanitazama juu ya miwani. "Sasa wewe, Malimi."

Niliondoka nimebeba sanduku langu la bati kama bwana harusi. Nilijua kilichotokea: mfumo mpya hauna draiva ya poti. Nilikuwa na disketi. Nitaichomeka, nitageuza mgongo, baada ya robo saa printa inalia, na Nansio nzima itajua fundi ni nani.

Mwalimu Magesa alikuwa mtu mnene, mkarimu, mwenye maneno mengi. Alinipokea mlangoni mwa ofisi na walimu watatu nyuma yake.

"Karibu fundi, karibu sana! Hawa wamekuja kuangalia. Yule binti yenu alituita wote tukaona anavyofanya."

"Mimi hufanya kazi mlango umefungwa," nikasema.

Walitoka wamenyong'onyea. Mezani kulikuwa na rundo la stensili. Pale shule walikuwa wanatoa utepe wa wino, wanaingiza stensili kwenye printa, pini zinaitoboa, halafu stensili inapelekwa kwenye mashine ya kudurufu. Mtihani wa muhula ulikuwa unasubiri hivyo. Nikafungua kitambaa, nikaingiza disketi.

Krrr. Krrr. Krrr. Kompyuta ikasema haiwezi kuisoma.

Nikaitoa, nikaifuta, nikarudisha. Krrr. Nikaipuliza, nikaigonga kwenye goti, nikaisomea hata dua niliyokuwa nimeisahau tangu utoto. Krrr. Ndipo nikageuka kuangalia mahali ilipotoka. Sanduku lilikuwa wazi. Kitambaa kilikuwa chini, na juu ya kitambaa, nzito, nyeusi, imetulia, ilikuwa sumaku ya mzee Selemani.

Disketi inaandikwa kwa sumaku. Hata ninyi ambao hamjawahi kuishika mnalijua hilo. Na mimi nililijua! Lakini mkono wangu ulikuwa mkono wa fundi wa taipureta, na kwa fundi wa taipureta sumaku hukaa kwenye sanduku kama chumvi inavyokaa jikoni, huifikirii. Miezi yote ile disketi ililala chini yake. Nilikuwa nimeificha vizuri mpaka yenyewe ikasahau ilichokuwa inakijua.

"Fundi, inaendaje?" Mwalimu Magesa akauliza nje ya mlango.

"Vizuri," nikasema.

Meli ya kurudi Mwanza ilikuwa kesho. Fundi asiyejua la kufanya hufungua kitu, ili angalau aonekane ana kazi. Nikachukua bisibisi nikafungua mfuniko wa kompyuta.

Kwa ndani ya mfuniko ule kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa gundi pembe zote nne. Ilichapwa na printa ile ile, herufi za pini. Nitawapa maneno yake, maana nayajua kwa moyo.

"Kwanza usifungue printa. Shika kitufe cha karatasi huku unaiwasha. Ikichapa yenyewe ni nzima." Hilo alilipata kwangu. Nilimwambia siku moja nikijigamba.

"Pili, washa kompyuta ukibonyeza Delete mpaka uingie kwenye kioo cha bluu. Zima poti ya asili. Imekufa, lakini bado imeshikilia anwani yake, na kompyuta inaendelea kumwita marehemu.

"Tatu, kwenye kadi kuna kikofia kidogo cheusi kimevaa pini mbili. Kivue, kivalishe pini zilizoandikwa 378. Hiyo ni anwani aliyokuwa anakaa marehemu.

"Nne, kompyuta ikisema ikutafutie kifaa kipya yenyewe, kataa. Itazunguka na haitapata kitu. Chagua mwenyewe kwenye orodha, upande wa poti, poti ya kawaida ya printa. Draiva yake ipo ndani ya mfumo, haihitaji disketi.

"Tano, ielekeze printa kwenye LPT1, ndilo jina la poti hiyo. Chapa jaribio. Ukitaka stensili, toa utepe."

Haihitaji disketi. Nilisoma mstari huo mara mbili. Kitu nilichofungia kufuli, nilichodanganya kwa ajili yake, hakikuwa cha lazima hata kidogo. Kikofia cha plastiki kidogo kuliko punje ya mchele ndicho kilichokuwa kinatakiwa kuhama. Mimi nilikuwa sikijui, kwa sababu nilipoipata disketi niliacha kutafuta.

Chini kabisa, baada ya nafasi, kulikuwa na maneno mengine.

"Kaka Malimi, shikamoo. Najua atakayefungua hapa ni wewe, karakana yetu haina mwingine. Boksi la kadi lina shimo la ukubwa wa disketi, na karatasi ya maelekezo imeitaja. Nilihangaika nayo siku mbili. Nimeandika haya ili wewe usihangaike hata saa moja."

Nilikaa sakafuni. Sitawadanganya kwamba nililia, lakini niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na ndani ya aibu, hata hapo, wivu ulikuwepo. Niliwaza: ameandika vizuri kuliko kitabu. Niliinua kucha nibandue karatasi ile, niitie mfukoni, ionekane nimejua mwenyewe. Pembe moja ikaachia.

Kisha nikaona kwamba nikiibandua, atakayekuja baada yangu atahangaika siku mbili, na huyo anaweza kuwa mimi.

Nikafungua mlango. "Mwalimu," nikasema, "waite wenzako waone." Walikuja mbio. Nikaanza kama ilivyoandikwa, hatua kwa hatua, nikiwa nimekaa upande ili kila mtu aone kioo. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufanya kazi nikitazamana na watu. Karatasi ya majaribio ilipotoka, walimu walipiga makofi, na Mwalimu Magesa akanipiga begani.

"Safi sana, fundi! Kama yule binti kabisa!"

Iliniuma. Lakini ilikuwa kweli.

Kabla sijarudisha mfuniko nilipaka gundi ile pembe iliyoachia, nikachukua kalamu. Nilitaka kuandika nisamehe. Nawaambieni, mkono ulikataa. Kalamu ilisimama juu ya karatasi mpaka wino ukadondoka. Nikaandika neno moja chini ya shikamoo yake, "Marahaba," nikafunga skrubu nne.

Devota alirudi akawa fundi mkuu, nami nikafanya kazi chini yake mpaka nilipostaafu. Habari ya disketi hakuigusa hata siku moja, wala mimi. Sumaku niliitoa sandukuni nikaipeleka nyumbani ikabana mlango wa kabati. Mwaka uliofuata alikwenda Nansio kukagua mashine ya shule. Aliporudi alikuja moja kwa moja kwenye meza yangu, akaweka machungwa sita juu ya gazeti.

"Kaka," akasema taratibu, "marahaba yako nimeiona."

Halafu akaenda mbele kwa wateja. Walikuwa watu saba kwenye benchi siku hiyo, na wote walikuwa wanamsubiri yeye.